Mto Msimbazi Haukujichafua

Kila masika Mto Msimbazi hufurika, maji yakaingia Jangwani, na kila mara twasikia maneno yale yale: ni kudra ya Mungu, ni uzembe wa Jiji. Sisi twasema mvua ni ya Mungu. Lakini chupa, makopo na viatu vibovu vilivyoziba mitaro vilitoka majumbani mwetu. Taka peke yake hazileti mafuriko. Lakini mtaro ulioziba hauna pa kupeleka maji. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 30 katika Dar es Salaam, na walioumia zaidi ni wanyonge wa mabondeni.

Zamani za mkoloni mji huu ulikatwa mapande matatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Usafi ulianzia Uzunguni; Uswahilini waliambiwa wangoje. Wazee wetu waliupinga ubaguzi huo, na haki walikuwa nayo. Basi leo mtu afagiaye uani mwake mpaka pakang'aa, kisha usiku akamwaga taka bondeni, afanya nini? Ajitengea usafi na kumwachia jirani uchafu. Huo ni ubaguzi ule ule, ila sasa twautenda sisi kwa sisi.

Dawa yake si ngumu. Ndugu msomaji, lipindue pipa lako la taka utazame kilichomo.

Kwanza, zaidi ya nusu ni maganda na mabaki ya chakula. Hayo si taka, ni mbolea. Chimba shimo, weka tabaka la maganda, kisha majani makavu na udongo kidogo. Nyunyiza maji, geuza kila wiki. Baada ya miezi michache utapata mboji ya kustawisha mchicha. Asiye na uwanja na atumie ndoo kuukuu iliyotobolewa chini.

Pili, makopo, vyuma na chupa. Weka kando umuuzie mnunuzi wa skrepa. Kopo likiachwa nje hujaa maji ya mvua, na mbu aenezaye homa ya dengi hupenda kuzaa humo. Homa hiyo iliishambulia Dar es Salaam mwaka 2014, ikarudi mwaka 2019.

Tatu, plastiki. Usiichome, wala usiwashie mkaa kwa mfuko wa plastiki kama wengi wafanyavyo. Moshi wake una sumu, na wa kwanza kuuvuta ni mtoto aliye karibu na jiko. Bora plastiki isiingie nyumbani kabisa. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini mingine hurudi sokoni kwa hila. Shika kikapu chako cha ukindu. Bibi zetu walikwenda nacho sokoni miaka yote, wala hawakupungukiwa na kitu.

Tena tuache kumdharau kijana aokotaye chupa mtaani. Yeye ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine, na kazi yake yatufaa sote. Mpe chupa zikiwa safi, umwamkie kwa heshima. Na kazi hii isiachiwe akina mama na watumishi wa ndani peke yao. Mwanamume aliyekula embe ajua njia ya kwenda kwenye shimo la maganda.

Hatusemi haya ili wakuu wa Jiji wapate nafasi ya kulala. Kodi twalipa, na gari la taka ni haki yetu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kulishtaki Jiji kwa jalala lililowajazia moshi na uvundo, na Mahakama ikawapa haki yao. Huo ndio uraia. Lakini adai kwa nguvu yule ambaye mikono yake ni safi.

Kwa hiyo twatoa shauri. Kabla ya mkutano ujao wa tawi, kila balozi wa nyumba kumi azungukie nyumba zake, ahesabu zilizochimba shimo la mboji na zinazotenga chupa, na aanze kuhesabu kwake mwenyewe. Hesabu hiyo na isomwe mbele ya wanachama wote. Tawi litakaloona aibu litajua la kufanya. Tulipigania nchi hii iwe yetu. Mitaro yake nayo ni yetu.