Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo haukutungwa kwa ajili ya matajiri wenye makarani na mawakili. Unamhusu zaidi mwananchi wa kawaida, ambaye mtaji wake wote huweza kutoweka kwa siku moja na asipate pa kuanzia tena.

Katika masoko, gereji, vibanda na mashamba ya Tanzania, mapatano mengi hufungwa kila siku kwa neno la mdomo. Muuza mchele hukopesha magunia, seremala hupokea malipo ya awali ya kitanda, mama lishe hupanga kibanda, na mwenye pikipiki humkabidhi kijana chombo ili amlipe kidogo kidogo. Mambo yakienda sawa, hakuna anayeikumbuka karatasi. Yakienda mrama, mmoja husema hili na mwingine husema lile, na mwenye haki hujikuta hana cha kuonyesha.

Ni kosa kudhani kwamba sheria hukataa neno la mdomo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hutambua mapatano yaliyofanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Isipokuwa pale sheria inapodai maandishi, neno la mdomo laweza kuwa mkataba kamili. Ugumu uko katika kuthibitisha. Anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha dai lake, na hakimu hawezi kuingia moyoni mwa mtu kutafuta ahadi iliyotolewa miaka mitatu iliyopita.

Hati ya kumlinda mfanyabiashara mdogo si lazima iwe ndefu. Ukurasa mmoja wa daftari watosha, ukiwa na majina kamili ya pande zote mbili, tarehe, kitu kinachouzwa au kukopeshwa, kiasi cha fedha kwa tarakimu na kwa maneno, siku ya kulipa, na hatua itakayofuata endapo malipo hayatafanyika. Pande zote zitie sahihi, shahidi atie yake, na kila mmoja aondoke na nakala. Malipo yakitolewa, stakabadhi iandikwe siku hiyo hiyo. Ujumbe wa simu nao usifutwe ovyo, kwani tangu ilipotungwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kumbukumbu za namna hiyo zaweza kupokelewa kuwa ushahidi. Kwa mkataba wa upangaji, ni vema ushuru wa stempu ulipwe mapema, kwa sababu hati isiyolipiwa ushuru huo haipokelewi mahakamani mpaka deni hilo limalizwe pamoja na adhabu yake.

Lakini karatasi inayomlinda mtu ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumfunga. Jambo linaloumiza wengi siku hizi ni sahihi inayotiwa kwa haraka mbele ya mkopeshaji. Mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu imewaacha akina mama wengi bila majokofu, bila vitanda, na wengine bila nyumba. Wapo wakopeshaji wanaomtaka mkopaji atie sahihi karatasi tupu. Wapo wanaochukua kadi yake ya benki pamoja na namba yake ya siri. Wapo pia wanaoandika hati ya mauziano ya nyumba mahali ambapo palipaswa kuwa na hati ya mkopo. Mwenye shida ya ada ya shule au ya matibabu hutia sahihi, na siku ya kushindwa kulipa ndipo anapoelezwa kwamba aliuza.

Huu ni unyonyaji, na sheria haiufumbii macho. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na kufanya biashara hiyo bila leseni ni kosa la jinai. Kwa hiyo swali la kwanza la mkopaji lisiwe atapata kiasi gani, bali leseni ya mkopeshaji iko wapi. Mkataba uliopatikana kwa vitisho au kwa ulaghai waweza kubatilishwa na mahakama kwa ombi la aliyedhulumiwa. Hata hivyo, kutosoma si kinga. Mtu mzima aliyetia sahihi kwa hiari yake hawezi kutegemea kuokolewa kwa kusema tu kwamba hakusoma.

Nyumba ya familia nayo ina ulinzi wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hazimruhusu mume au mke kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mke anayeitwa ghafla atie dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa anayo haki ya kukataa mpaka aelezwe. Mkopeshaji mwaminifu hawezi kuudhika kwa kuulizwa.

Wenye biashara ndogo wakumbuke pia kwamba kuandikisha jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni hakumtenganishi mtu na madeni yake. Jina likidaiwa, mwenye jina ndiye anayedaiwa, na mali yake ya nyumbani yaweza kuguswa. Kampuni iliyosajiliwa ni nafsi nyingine mbele ya sheria. Jina la biashara silo. Aidha, mwenye kuajiri hata msaidizi mmoja anabanwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ukizuka ubishi kuhusu masharti ya kazi na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi, mzigo wa kuthibitisha humwangukia yeye. Hivyo maandishi humlinda mwajiri kama yanavyomlinda mfanyakazi.

Adui mwingine wa haki ni kuchelewa. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, imeweka mipaka ambayo huruma haiwezi kuivuka kirahisi. Kwa kawaida shauri la mkataba lazima lifunguliwe ndani ya miaka 6, na la kudai ardhi ndani ya miaka 12. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake kabla muda haujakwisha, hesabu huanza upya. Kwa hiyo mwenye kudai asione haya kuomba barua hiyo. Kwa mfanyakazi muda ni mfupi mno. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi humaliza siku hizo wakimbembeleza mwajiri, na wanapozinduka huwa mlango umeshafungwa.

Asiye na fedha za wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Hao hawasimami mahakamani kama mawakili, lakini waweza kumsomea mtu mkataba, kumweleza maana yake na kumwonyesha mahali pa kupeleka dai lake. Wakati mzuri wa kuwatafuta ni kabla ya kutia sahihi. Nusu saa ya ushauri siku hiyo yaweza kuepusha miaka ya kesi.

Hata hivyo, si haki kumtwisha mwananchi mzigo wote. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hiyo itakosa maana ikiwa karatasi za mikopo na za upangaji zitaendelea kuandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, na kupewa mtu asiyejua neno hata moja ndani yake. Kila mkopeshaji na kila mwenye nyumba aandike mkataba kwa lugha anayoielewa anayeutia sahihi, amsomee, na ampe nakala. Wenye mamlaka ya kutoa leseni walifanye jambo hilo kuwa sharti, na wawachukulie hatua wanaolikiuka. Viongozi wa mitaa na vijiji, ambao mihuri yao hugongwa kwenye hati hizo, wasigonge muhuri juu ya karatasi ambayo wahusika hawajaielewa.

Mahakama haiwezi kumrudishia mtu haki ambayo hakuna dalili kwamba aliwahi kuwa nayo. Daftari, kalamu, shahidi na nakala ni vitu vya gharama ndogo vinavyopatikana katika kila duka na kila mtaa. Mfanyabiashara asiyefungua kibanda bila kufuli asifunge mapatano bila maandishi, wala asitie sahihi maandishi asiyoyaelewa.