Fuvu Lenye Pembe Sebuleni: Tulitengeneze Vizuri au Tuliache



Ndugu wasomaji, si ajabu siku hizi kuingia sebuleni kwa Muislamu mwenzako, Kampala, Mbarara au kwengineko, ukakuta fuvu la swala au nyati limetundikwa ukutani na pembe zake. Lipo lililong'arishwa likapendeza. Lipo pia lililogeuka manjano, linalonuka kila mvua ikinyesha na kudondosha unga wa wadudu juu ya makochi. Wazazi wanauliza kama jambo hili linafaa, na vijana wanauliza namna ya kulifanya. Sisi tunaona maswali haya mawili hayatengani. Fuvu nyumbani halina ubaya kwa sharti tatu: lipatikane kwa haki, lisafishwe kwa ujuzi, na litundikwe kwa nia njema. Likikosa moja, liache huko huko porini.

Haki kwanza

Mnyama wa porini si kama kuku wa jirani, na ana wenyewe pia. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Uganda nayo iliuzuia mwaka 1979, kisha mwaka 2001 ikaanza kuuruhusu kwa majaribio na kwa vibali katika ardhi zinazopakana na mbuga ya Lake Mburo. Humo ndimo wanamoishi swalapala, wale ambao inasemekana Kampala ilipata jina kutokana nao. Tanzania huwindwa kwa leseni, na kichwa na pembe huitwa nyara, nazo lazima ziwe na karatasi zake. Kwa hiyo fuvu analokuuzia mtu kando ya barabara kwa bei ya kutupa, bila hati yoyote, si zawadi bali ni kesi. Na ukilivusha mpakani bila kibali, kesi zinakuwa mbili.

Wapo wanaosema: "Mnyama ameshakufa, mimi nimemuua?" Jibu letu ni kwamba mnunuzi ndiye anayempa jangili sababu ya kurudi porini kesho. Mtume (swalla Allaahu alayhi wasallam) alikataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya kulengea tu. Mtu anayeua mnyama kwa ajili ya kichwa na kuiacha nyama ioze amekusanya dhulma na israfu, hata kama kibali anacho.

Mzoga usiguswe

Hapa tunawaomba sana wazazi wawaonye watoto. Mnyama aliyekutwa amekufa mwenyewe asiguswe, hata pembe zake ziwe nzuri namna gani. Huenda ameuawa na kimeta. Mwaka 2004 na 2005 viboko wengi walikufa kwa kimeta katika mbuga ya Queen Elizabeth, na vijidudu vya maradhi hayo hukaa ardhini miaka mingi bila kufa. Huingia kwa kidonda kidogo cha kidole, kwa pumzi na kwa chakula. Usidhani sufuria ya nyumbani itakusalimisha. Kisheria pia, katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku, mfupa na pembe ya mzoga ni najisi. Hanafi wameona vingine kuhusu mfupa na pembe, lakini kimeta hakiulizi madhehebu.

Kazi yenyewe

Anayetaka kufanya kazi hii aijue kwanza pembe. Pembe ya swala, nyati au pofu ina sehemu mbili: ndani ni mfupa uliotoka kwenye fuvu, nje ni ganda gumu la asili moja na kucha zetu. Kati yake pana ngozi laini yenye damu. Hiyo ndiyo siri ya harufu mbaya. Wengi husafisha fuvu likawa jeupe, wakaisahau ngozi ile ikaozea ndani.

Kwanza, vaa glovu. Chuna ngozi, toa macho, ulimi, taya la chini na nyama yote inayotoka kwa kisu. Ubongo utolewe kwa waya na maji kupitia tundu la nyuma ya fuvu.

Pili, lowesha pembe katika maji matupu kwa siku kadhaa mpaka ganda lilegee, kisha lizungushe polepole na kulivuta. Kwangua mfupa wa ndani, osha ganda, na anika vyote kivulini. Jua kali hupasua pembe.

Tatu, weka fuvu kwenye maji ya moto usio mkali, yasitokote. Wenye haraka hukosea hapa. Maji yakitokota sana mafuta huingia ndani ya mfupa, mifupa myembamba ya pua huvunjika na meno hung'oka. Badilisha maji, kwangua, rudia. Kisha lowesha kwa siku nyingi katika maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, ukiyabadilisha kila yakichafuka, mpaka mafuta yaishe. Umanjano unaotokea baadaye hutokana na mafuta yaliyobaki, na rangi haiwezi kuuficha.

Nne, kung'arisha. Usitumie dawa ya klorini ya kufulia nguo, kwani hula mfupa na baada ya muda fuvu huanza kumeguka kama chaki. Tumia haidrojeni peroksaidi isiyo kali, ile ya asilimia 3 inayouzwa maduka ya dawa. Usiichemshe, usiifungie katika chombo kilichozibwa, na isiguse ganda la pembe kwa sababu italipausha. Watoto wakae mbali.

Mwisho, rudisha maganda kwa gundi. Kisha kagua kila baada ya miezi michache, kwani Afrika tuna nondo ambaye viwavi wake hula pembe na kuacha vijibomba vinavyochomoza nje. Ukiviona, usingoje.

Ukutani, na kwa nia gani

Sharti la tatu ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Wapo wanaotundika pembe juu ya mlango ili kuzuia husda na jicho baya. Hapo fuvu limegeuka hirizi. Kama mfupa ungekuwa na kinga, ungemkinga kwanza mwenyewe aliyekuwa nao kichwani. Baba anayetundika kwa nia hii anamfundisha mwanawe itikadi ambayo hatamwondolea kwa mwaka mzima wa madrasa.

Wengine wamekwenda upande wa pili wakasema kila pembe ndani ya nyumba ni haramu. Hatukubaliani nao. Imepokewa kwamba pembe za kondoo dume wa Nabii Ibrahim (alayhi salaam) zilikuwamo ndani ya Al-Kaaba mpaka ilipoungua mwaka 683, na kwamba Mtume alimuagiza Uthman bin Twalha azifunike, ili kusiwe na kitu cha kumshughulisha anayeswali. Sisi tunapata humo adabu iliyo wazi: pembe zisiwe mbele ya mahali mnaposwalia. Ziwekeni ukuta mwingine, kwa skrubu imara, mbali na kitanda cha mtoto, kwa sababu kichwa cha nyati kikianguka kinaua.

Na fuvu likishapata mahali pake, liwe la kusomea. Mwonyeshe mtoto kwamba swalapala dume ndiye mwenye pembe na jike hana, lakini nyati wote wanazo. Mwonyeshe tundu la macho lilivyo pembeni, ili mla majani amwone adui akiwa mbali. Huko ndiko kutafakari uumbaji. Kujisifu mbele ya wageni hakuongezi chochote.

Asiye na kibali wala njia ya halali asihuzunike. Ng'ombe wa Ankole ana pembe ambazo swala hatazifikia, na kondoo wa Idd el-Hajj ana zake. Kazi ni ile ile, hatua kwa hatua, bila hofu ya askari wa wanyamapori. Ila kumbuka kwamba kitu cha mnyama wa udh-hiya hutumiwa au hutolewa, hakiuzwi, wala mchinjaji halipwi kwacho.

Wanetu waanze na hizo. Wanyama wa porini waacheni watoto wetu wawakute wakiwa na vichwa vyao.

Wabillaahi tawfiiq.