AFYA NYUMBANI: Damu ile ya ndani ya chupa



Juma hili tuongee juu ya damu ya watoto. Mama anafika hospitali na mtoto mwenye homa kali. Muuguzi anavuta damu kwa kipimo cha malaria, halafu anarudi na chupa yenye majimaji na kusema anataka damu nyingine. Hapo maneno yanaanza: "Mtoto amekwisha kupauka, na bado munamunyonya?" Wengine wanakataa kabisa. Woga huo naufahamu. Lakini ni chupa ile inayoweza kusema dawa gani itamponya.

Malaria tunaijua. Kuna pia homa inayotoka kwa vidudu vilivyoingia ndani ya damu yenyewe. Kwa watoto wetu wa chini ya miaka 5, vidudu vya salmonela vinaonekana sana, na vinapenda mtoto ambaye malaria imekwisha kumpunguzia damu. Ndiyo maana hata kama kipimo kimeonyesha malaria, munganga anaweza kutafuta ugonjwa wa pili. Hospitali ya Kisantu, kule Kongo-Central, pamoja na INRB ya Kinshasa, wamefuatilia jambo hili miaka mingi. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba katika damu ya wagonjwa wa inchi yetu imepatikana aina ya salmonela isiyosikia hata seftriaksoni wala azitromisini. Na seftriaksoni ndiyo sindano tunayoikimbilia kila homa inapokawia!

Sasa, kwa nini majibu yanachelewa? Vidudu katika damu ni vichache sana, havionekani mara moja. Damu ya mtoto mdogo, ambayo mara nyingi haijazi hata kijiko cha chai, inatiwa ndani ya chupa yenye chakula cha vidudu, na chupa inawekwa mahali pa joto kama la mwili. Vinaota, kama miche katika kitalu. Siku moja, mara nyingine siku kadhaa. Vikiota, labo inavipanda kwenye sahani na kungoja mpaka kesho. Kisha wanaweka juu yake vikaratasi vidogo vya duara, kila kimoja na dawa yake, na kungoja usiku mwingine. Pale vidudu vinaposhindwa kuota kuzunguka kikaratasi, dawa hiyo inafaa. Hesabu: siku 3 au 4 zimepita. Wakati huo munganga anatoa dawa kwa kukisia. Akikosea, mtoto anachomwa sindano zisizomsaidia, na ugonjwa wa damu hauna subira.

Kwa hiyo wataalamu wanatafuta njia ya kufupisha siku hizo. Mwaka 2017 Marekani iliruhusu mashine inayofanya kazi yenyewe: chupa ikisha kuonyesha vidudu, inasema jina lao katika muda wa saa moja na nusu hivi, na dawa inayofaa katika saa 7 hivi. Inavitazama vidudu kwa darubini namna vinavyokua vikiwa pamoja na dawa, bila kungoja vionekane kwa macho. Ni kazi nzuri, lakini mashine kama hizo ni za bei kubwa, na zinataka umeme usiokatika. Mimi navutiwa zaidi na njia nyingine, iliyotangazwa huko Ulaya mwaka 2018: vikaratasi vilevile vya zamani, ila vinawekwa moja kwa moja na damu ya chupa iliyoota, na vinasomwa baada ya saa 4, 6 au 8. Hapo kinachotakiwa zaidi ni mtu wa labo aliyefundishwa na anayekaa kazini saa hizo.

Lakini hata mashine ya haraka namna gani haiwezi kuotesha vidudu vilivyokwisha kuzimwa nusu. Ukimpa mtoto amoksisilini ya farmasi jana usiku, chupa inaweza kunyamaza, na ugonjwa ungali ndani. Basi umwambie muuguzi kila kitu ulichompa, hata vidonge viwili tu. Hakuja kukuhukumu. Na damu ya chupa ivutwe kabla ya sindano ya kwanza. Sindano yenyewe isingoje majibu.

Jambo moja tena, kwa sababu linatuletea fujo nyingi: Widal. Hicho kipimo cha "tifoide" ni cha tangu mwaka 1896, na kinaweza kusema ndiyo kwa mtu asiye na tifoide. Hakilingani na chupa. Karatasi ya chupa inaandikwa "hémoculture".

Majibu mara nyingi yanafika wakati mama amekwisha kurudi nyumbani. Acha namba ya simu, ya jirani ikiwa wewe huna, na urudi kuuliza. Karatasi itakayotoka inaitwa antibiogramu. Utaona majina ya dawa, na mbele ya kila jina herufi. S inamaanisha dawa inaweza kuua kidudu kile. R inamaanisha kidudu kinaishinda. Ukiona R mbele ya dawa ambayo mtoto bado anachomwa, usingoje zamu ya asubuhi. Mwite munganga palepale umuonyeshe.