Telnet, SSH, RDP: fundi wako anapitia mlango gani?

Kusafiri toka Goma mpaka Butembo kwa kutengeneza mashine moja tu, siku hizi si jambo ndogo. Ndiyo maana mafundi wengi wanaingia ndani ya ruta, kamera ao serveri wakiwa mbali, kwa njia ya intaneti. Lakini milango hiyo haina usalama sawasawa, na wakubwa wa biro ni wachache wanaouliza fundi anapitia wapi.

Telnet ndiyo ya zamani kupita zingine. Ilianza mwaka 1969, wakati mtandao wa ARPANET kule Marekani ulikuwa na vituo 4 tu na watu walikuwa wanajuana. Kila kitu kinapita wazi, hata neno la siri. Ni kama kumupa dereva wa moto karatasi bila bahasha: kila mutu anayeishika njiani anasoma. Neno la siri likuwe refu ao fupi, haisaidii kitu.

Mwaka 1995, kwenye chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki, inchi ya Finland, kulikuwa wizi wa maneno ya siri kwa njia hiyo. Tatu Ylönen akatengeneza SSH. Inafunga ujumbe wote, na tena inahakikisha serveri ni yenyewe kweli. Hii ya pili watu wanaisahau. Siku ya kwanza, SSH inaonyesha alama ya serveri, mufano wa alama ya kidole, inauliza kama unaikubali. Wengi wanajibu ndiyo bila kusoma. Kama kesho inaonya kwamba alama imebadilika, pengine serveri imepangwa upya, pengine kuna mutu amejiweka katikati. Fundi apige simu kwa yule aliye karibu na mashine, walinganishe. Uniti kidogo tu.

RDP ya Windows nayo inafunga ujumbe. Shida yake ilitokea kwingine: mwezi wa tano 2019, Microsoft ilitangaza tundu la BlueKeep, lililoruhusu mutu kuingia bila neno la siri lolote. Hata Windows XP, ambayo kampuni ilikuwa imekwisha kuiacha, ilipewa dawa. Mwenye kompyuta ya mitumba ya Windows 7 aangalie kama dawa hiyo iliwekwa, na RDP isiachwe wazi moja kwa moja kwenye intaneti.

Kuna tena neno la siri la kiwanda. Mwaka 2016, programu ya Mirai ilipitia Telnet ikijaribu maneno ya viwanda, karibu 60 hivi. Kamera na ruta nyingi zilikamatwa, zikatumiwa kushambulia kampuni Dyn, na Twitter ikawa haipatikani ku watu wengi. Kumbe kamera zenyewe ziliendelea kufanya kazi, wenyewe hawakujua kitu.

Kabla ya kumulipa fundi, umuulize kama mlango namba 23, ule wa Telnet, umefungwa. Ruta zingine za zamani hazina SSH kabisa. Hizo afazali zitengenezwe kwa kamba, fundi akiwa pembeni yake.