Tupime mguu kwanza, kiatu baadaye

Mtu akiumwa jino hutafuta daktari. Akiumwa mguu husema "ni kiatu tu", kisha huendelea kuchechemea mpaka kiatu kizoee au mguu ukate tamaa. Katika nyumba nyingi za Mbagala, kuanzia Zakhiem hadi Kizuiani na Rangi Tatu, naona kwamba fedha inayokwenda kwenye viatu si haba kama tunavyodhani, ila inatumika vibaya. Tunanunua jozi tatu za ngozi bandia kwa mwaka, zote zikabanduka soli, wakati jozi moja ya ngozi halisi, iliyoshonwa vizuri na kutunzwa, ingemfaa mtu mzima kwa miaka kadhaa. Tena mara nyingi tunanunua mguu wenyewe ukiwa umebaki nyumbani.

Nianze na watoto. Kila Januari mtoto wa shule hununuliwa kiatu cheusi kilichomzidi kwa namba mbili au tatu, na mzazi husema: "Atakua nacho." Kwa upande wa mfuko hoja hiyo inaeleweka, lakini kwa upande wa mguu haifai. Mguu mmoja wa mtu mzima una mifupa 26. Ule wa mtoto bado una gegedu nyingi, nayo huendelea kugeuka mfupa mpaka miaka ya ujana. Kiatu kikubwa mno humlazimisha mtoto akunje vidole ili kisimtoke. Huburuta nyayo, hujikwaa, na kisigino hutoka malengelenge. Mguu unapokuja kukijaa kiatu hicho, soli imekwisha na kiatu chenyewe kimepinda upande. Kwa hiyo ile akiba mzazi aliyoitegemea haikupatikana.

Kiatu kidogo ni kibaya zaidi, na hatari yake ni kwamba mtoto hasemi. Mguu wake ni laini, hukubali kukunjwa bila maumivu makali. Ukimuuliza "kinakubana?" atajibu hapana, hasa kama kiatu kinang'aa na amekipenda. Baadaye mzazi hushangaa kuona kucha ya kidole gumba imeingia nyamani. Basi tusiulize, tupime. Mtoto anapokuwa amesimama, mbele ya kidole chake kirefu zaidi ibaki nafasi ya sentimeta moja hadi moja na nusu, yaani kama upana wa kidole gumba cha mama yake. Nafasi hiyo ndiyo ya kukulia, na ikizidi hapo inakuwa hasara. Tena ukaguzi huo urudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne, maana mtoto wa miaka sita huweza kuvuka namba nzima kabla mwaka haujaisha.

Viatu vya Komunyo ya Kwanza nitavipitia haraka. Huvaliwa siku moja, na siku moja haiharibu mguu. Hata hivyo, ni nani asiyewahi kumwona mtoto akivivua chini ya benchi kabla mahubiri hayajaisha?

Mzazi atauliza: nitampimaje mtoto ambaye yuko shuleni, nami nimepita Kariakoo au Karume nikitoka kazini? Jibu ni kijiti. Jioni, mtoto asimame wima juu ya karatasi bila soksi, uzito wote ukiwa juu ya miguu yote miwili. Uchore kwa kalamu iliyosimama wima kuzunguka kila unyayo. Utagundua kwamba miguu haifanani, kwani kwa watu wengi mmoja huuzidi mwingine, na kiatu hununuliwa kwa kufuata ule mkubwa. Kisha ukate kijiti chenye urefu wa unyayo huo kutoka kisiginoni hadi kidole kirefu, ukiongeza ile nafasi ya kidole gumba. Dukani uingize kijiti ndani ya kiatu mpaka kiguse kisigino. Kisipolala vizuri, kiatu ni kifupi, hata muuzaji aape vipi. Karatasi nayo ikatwe kwa kufuata mchoro na kuingizwa ndani. Ikijikunja pembeni, kiatu ni chembamba. Njia hii haina gharama, nayo humfaa mtu mzima vilevile.

Namba iliyoandikwa ndani ya kiatu isiaminiwe peke yake. Waingereza hupima kwa hatua za theluthi moja ya inchi, kipimo cha zamani cha punje ya shayiri. Nchi nyingine za Ulaya hutumia hatua za theluthi mbili za sentimeta. Wamarekani nao wana hesabu yao, ambapo namba ya kiatu cha mwanamume huwa karibu moja zaidi ya ile ya Kiingereza. Kwenye rundo la mitumba zote zimechanganyika. Zaidi ya hayo, kila kiwanda kina kalibu zake, na viatu viwili vya namba 42 vinaweza kutofautiana kabisa kwa upana.

Mtu mzima ajipimie mwenyewe dukani, na afanye hivyo alasiri au jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, hasa kwa joto letu na baada ya kusimama kwenye daladala kutoka mjini. Avae soksi zilezile atakazovalia kiatu hicho. Afunge kamba, asimame, atembee hatua nyingi, na ikiwezekana apande ngazi. Sehemu pana ya mguu, pale vidole vinapoanzia, ikae sawasawa na sehemu pana ya kiatu. Buti mpya ikiruhusu kisigino kupanda kidogo si neno. Ikipanda sana, malengelenge yanamngoja. Na ule usemi kwamba kiatu cha ngozi huuma kwanza kisha huzoea, mimi naukubali nusu tu. Ngozi halisi hutanuka kwa upana na kufuata umbo la mguu, lakini haiongezeki urefu. Kidole kinachogonga mbele dukani kitaendelea kugonga mwaka mzima.

Sasa tuitazame ngozi yenyewe. Muuzaji atakuambia kila kitu ni "ngozi orijino". Wewe usibishane naye, kague. Tazama mahali ilipokatwa, kwa mfano ukingoni mwa ulimi au ndani ya shingo ya buti. Ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi kama sufi iliyoshikana, wakati ya bandia huonyesha kitambaa kilichopakwa plastiki. Ibonyeze kwa kidole gumba. Halisi hutoa mikunjo midogomidogo isiyo na mpangilio, kisha hurudi. Inuse pia, ingawa siku hizi hata harufu hupuliziwa. Kuna aina nyingine inayodanganya wengi, ile ya mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Inaitwa ngozi, lakini huchubuka kama rangi ya ukuta wenye unyevu.

Pindua kiatu. Soli iliyoshonwa kwa uzi kuzunguka pembeni inaweza kufumuliwa na kubadilishwa na fundi, na kiatu kikaanza maisha mapya. Soli iliyogandishwa tu hutegemea gundi, na gundi dhaifu hulegea kwenye lami ya moto ya Barabara ya Kilwa. Uzi wa kuchora, ulioigizwa kwenye plastiki, ni mwingi sana, kwa hiyo uukwaruze kwa kucha uone kama ni uzi kweli.

Kuhusu buti za mtumba, nazipenda, maana nyingi ni imara kuliko vitu vipya vya bei hiyohiyo. Ila kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifahamu. Soli nyepesi za povu la plastiki, lile liitwalo poliurethani, huliwa polepole na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kabatini. Buti iliyokaa miaka mingi ghalani inaweza kuonekana mpya kabisa, na soli yake ikavunjikavunjika kama mkate mkavu wiki ya kwanza. Ikunje kwa nguvu na uibonyeze soli kwa ukucha. Ukiona nyufa au unga, iache. Angalia pia soli ya ndani. Kama alama ya vidole vya mwenye kiatu wa kwanza imezama sana, mguu wako utalazimishwa kufuata wa kwake. Soli hiyo ya ndani itolewe na kuwekwa mpya, na kiatu kikaushwe vizuri kabla ya kuvaliwa, kwa ajili ya fangasi.

Inasikitisha kidogo kuyaandika haya katika nchi yenye ng'ombe wengi kama yetu. Mkoani Morogoro kulijengwa kiwanda kikubwa cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa nia ya kuuza hata Ulaya. Hakikufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na uzalishaji ukakoma mwaka 1990. Miongoni mwa kasoro zake ni jengo lenye kuta za alumini lisilopitisha hewa, katika joto la Morogoro. Leo pale Karanga, Moshi, kipo kiwanda cha ngozi na viatu cha ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii, na buti zake ni za ngozi. Anayeweza kuzipata azikague kwa vigezo vilevile. Uzalendo hauponyi malengelenge.

Niseme juu ya kazi. Vijana wetu wengi ni mafundi ujenzi, wabeba mizigo na waendesha bodaboda, na wengi hufanya kazi hizo kwa ndala au yeboyebo. Msumari hupenya, tofali huanguka, na bomba la moshi la pikipiki huunguza kifundo cha mguu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri awapatie wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Kijana anayelipwa kwa siku mara nyingi halijui hilo, au anaogopa kuliuliza. Sisi wazazi tulijue, na wale wetu wanaojenga nyumba na kuajiri vibarua wawili watatu tuanze kujitazama wenyewe. Buti yenye chuma mbele ijaribiwe kwa uangalifu zaidi, kwa sababu chuma hakitanuki kamwe. Na kwenye zege, saruji mbichi huunguza mwili, nayo ngozi ya kiatu ikilowa huikumbatisha mguuni. Hapo zitumike buti za mpira, na saruji ikiingia ndani zivuliwe mara moja na miguu ioshwe kwa maji mengi.

Lakini anayepaswa kusoma ukurasa huu kwa makini kuliko wote ni mgonjwa wa kisukari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani watu tisa katika kila mia, wenye umri wa miaka 25 hadi 64, wana sukari iliyozidi. Kisukari kikikaa muda mrefu huua hisia za miguu. Mtu hukanyaga jiwe lililo ndani ya kiatu kutwa nzima asijue. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, akiwemo Dk. Zulfiqarali Abbas, waliandika juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala bila kuhisi. Ikiwa meno ya panya hayasikiki, mshono uliotokeza ndani ya kiatu utasikikaje? Kidonda kidogo cha kubanwa kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu, na wengi hukatwa kwa sababu walichelewa, wakijaribu kwanza dawa za mtaani.

Kwa mgonjwa huyo, hoja yangu ya jozi moja nzuri si suala la kubana matumizi tena. Achague kiatu cha ngozi laini, cha kufunga, chenye mbele pana na ya juu, kisicho na mishono mikali ndani. Asitegemee hisia zake dukani, bali kijiti, karatasi, na macho ya mtu mwingine. Kiatu kipya akivae saa moja siku ya kwanza, avue, na mtu wa nyumbani aangalie kama kuna wekundu. Kila asubuhi atie mkono ndani ya kiatu na kukikung'uta kabla ya kuvaa. Kila jioni mama, mume au mjukuu amtazame nyayo na katikati ya vidole. Asitembee peku hata uani. Akiona jeraha, lengelenge au weusi, aende kituo cha afya siku hiyohiyo, na ikibidi apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Temeke au Muhimbili, hata kama hakuna maumivu. Kutokuwa na maumivu hapo ndiyo dalili mbaya.

Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani hatibiwi kwa kiatu cha dukani. Apelekwe mapema, akiwa bado mchanga, kwenye hospitali kama CCBRT kule Msasani, ambako hunyooshwa hatua kwa hatua kwa plasta.

Ukishapata kiatu chako, kitunze. Futa mchanga kwa brashi kabla ya kupaka kiwi, maana mchanga wa Mbagala unakata uzi wa mishono. Kikilowa wakati wa masika usikiweke karibu na jiko la mkaa, kwa kuwa ngozi hukakamaa na kupasuka. Kijaze karatasi za gazeti, ukiweke kivulini penye upepo, na karatasi zikilowa zibadilishe kabla ya kulala.