Mwenye Kifafa na Haja ya Kitambulisho

Yapo maradhi ambayo humwachia mgonjwa ulimi wake. Mwenye homa huweza kumweleza daktari siku alipoanza kuumwa, na aliyevunjika mguu huweza kuonyesha panapouma. Kifafa si maradhi ya namna hiyo. Kinapomshika mtu kwa nguvu humnyang'anya fahamu na kauli kwa pamoja, na katika dakika zile ambazo maelezo yake yangefaa kuliko wakati mwingine wowote, hawezi kutaja hata jina lake. Kwa sababu hiyo naona kwamba yafaa mwenye kifafa avae mwilini kitambulisho chenye kueleza hali yake. Naona pia kwamba kitambulisho hicho hakitamfaa kitu ikiwa sisi tulio karibu naye hatukufundishwa kukisoma na kukifuata.

Tuanze na maradhi yenyewe. Chembe za ubongo hupelekeana habari kwa njia ya umeme mdogo sana. Hans Berger, daktari wa mji wa Jena, Ujerumani, ndiye aliyeurekodi umeme huo kwa mara ya kwanza kutoka kichwani mwa binadamu mwaka 1924, akatangaza matokeo yake mwaka 1929. Kifafa hutokea pale ambapo kundi kubwa la chembe hizo hufyatuka kwa pamoja bila mpango. Fujo hiyo ikienea ubongo mzima, mtu huanguka, hukakamaa, kisha hutetemeka. Ikibaki katika sehemu moja, huenda asianguke kabisa: atakodoa macho, atatafunatafuna, au atatembea bila kujua aendako. Hakuna mate, pumzi wala mguso unaoweza kuihamisha hali hiyo kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Kifafa hakiambukizi.

Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba karibu asilimia 80 kati yao huishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Shirika hilo laeleza pia kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka, lau wangechunguzwa na kutibiwa ipasavyo. Dawa iitwayo fenobabito, ambayo bei yake ni nafuu, imetumika kwa kazi hii tangu mwaka 1912.

Pamoja na hayo, hofu ingali kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, katika Ulanga. Aliwakuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameangukia mekoni, na walio karibu waliogopa kuwagusa kwa kudhani kwamba mate au uchafu wa mgonjwa ungewaambukiza. Uchunguzi wa miaka ya baadaye umeonyesha uhusiano baina ya wingi wa kifafa sehemu hizo na maradhi ya usubi, yaenezwayo na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito yenye maji ya kasi. Lakini yule aliyeungua hakuunguzwa na mnyoo wala na inzi. Aliunguzwa na moto, huku mikono ya kumwondoa ikiwa karibu.

Basi kitambulisho chafaa nini? Kwanza, chamfaa mtu wa kwanza kufika. Watu wengi wamwonapo aliyeanguka hukimbilia kijiko wakakiingiza baina ya meno yake, wakiamini kwamba atameza ulimi. Ulimi haumezeki. Kijiko huvunja meno, na vipande vyake huweza kuziba njia ya pumzi. Wengine humkandamiza mikono na miguu, jambo ambalo huweza kumjeruhi. Kitambulisho chenye maneno machache, kwa mfano "Nina kifafa. Usinitie kitu kinywani. Nilaze ubavu," humpa mpita njia maagizo mahali penye fadhaa.

Pili, chamfaa daktari. Si kila atetemekaye ana kifafa. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kushuka kwa sukari mwilini, na kifafa cha mimba, ambacho ni maradhi mengine kabisa, yote huleta dalili zinazofanana, na kila moja lina tiba yake. Daktari asomaye kwamba mgonjwa ana kifafa na anatumia dawa fulani hupata mahali pa kuanzia, ingawa haachi kuchunguza mengine. Jina la dawa lina uzito wa pekee. Fenobabito ikikatizwa ghafla huweza kuleta kifafa mfululizo kisichokoma chenyewe, na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya dawa nyingine ambazo daktari angependa kutoa.

Tatu, chamfaa mgonjwa mbele ya umma na mbele ya askari. Baada ya kifafa kutulia, mtu huweza kubaki kwa muda akiwa amepumbaa, akisema maneno yasiyoeleweka, hata kumsukuma anayemshika. Asiyejua humdhania mlevi au mhuni. Maneno mawili juu ya bangili huweza kumwepusha na kipigo au na usiku mzima mahabusu.

Wazo hili si geni duniani. Mwaka 1953, katika mji wa Turlock, jimbo la California nchini Marekani, binti wa Daktari Marion Collins alikaribia kufa kwa dawa ya kuzuia pepopunda ambayo mwili wake haukuipokea. Baadaye wazazi wake walimtengenezea bangili yenye kueleza jambo hilo, na mwaka 1956 likaanzishwa shirika la MedicAlert ili wagonjwa wengine nao wapate vitambulisho kama hicho.

Wala kuvaa maandishi mwilini si jambo geni kwetu. Wazee wetu wengi walivaa hirizi, na ndani yake mlikuwa na maneno. Lakini maneno ya hirizi hushonewa ndani ya ngozi, hayakusudiwi kusomwa na mpita njia. Kitambulisho ninachokisema ni kinyume chake: hakina kinga yoyote ndani yake, na faida yake yote imo katika kusomwa.

Najua pingamizi litakalotolewa. Patasemwa kwamba kumvisha mtu bangili ya kifafa ni kumtangaza, na kwamba binti ataikosa posa na kijana ataikosa kazi. Pingamizi hili si la kupuuzwa, kwa kuwa aibu hiyo ni ya kweli na wanaoibeba ni wagonjwa, si sisi waandishi. Ndiyo maana nashikilia kwamba kitambulisho kiwe hiari. Shule, mwajiri au ofisi yoyote isimlazimishe mtu kukivaa, kwa maana alama ya kulazimishwa hugeuka kuwa chapa. Asiyependa maandishi ya nje aweza kuvaa kibati chenye maandishi upande wa ndani, au kuweka kadi mfukoni, ingawa kadi huchelewa kuonekana. Hata hivyo na tupime pande zote mbili. Siku ya kuanguka sokoni siri hutoka yenyewe, nayo hutoka pamoja na kijiko, makelele na watu kukimbia. Kitambulisho chaitoa siri hiyo pamoja na maelezo.

Gharama nayo isitutishe. Alumini na chuma kisichoshika kutu hujifunika utando mwembamba wa oksaidi unaozuia hewa na maji yasiendelee kukila chuma kilicho chini, hivyo hudumu mwilini licha ya jasho. Kipande chenye upana wa sentimita 4 chatosha. Fundi wa kawaida mwenye nyundo na chapa za herufi aweza kuyaandika maneno yanayohitajika: jina, neno "kifafa", jina la dawa, na namba ya simu ya ndugu. Lugha iwe ile isomwayo na mtu wa kwanza kufika, nayo kwetu ni Kiswahili.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi. Somo la Biolojia hufundisha ubongo na mishipa ya fahamu, lakini mwanafunzi aweza kuchora chembe ya ubongo kwa usahihi na bado akamkimbia mwenzake aliyeanguka dawatini. Naomba kila shule ya sekondari itenge kipindi kimoja kwa mwaka, si zaidi, kufundisha hatua hizi: tazama saa; ondoa vitu vya hatari; weka kitu laini chini ya kichwa; usimkandamize; usimtie kitu kinywani; mtetemeko ukikoma mlaze ubavu; tafuta kitambulisho; kaa naye mpaka fahamu zimrudie. Kifafa kikipita dakika 5, au kikirudia kabla hajazinduka, au akiwa ameumia, apelekwe hospitali bila kukawia.

Mwezi Mei mwaka 2022, Mkutano Mkuu wa Afya Ulimwenguni ulipitisha mpango wa utekelezaji kuhusu kifafa na maradhi mengine ya mishipa ya fahamu, utakaoendelea hadi mwaka 2031. Mipango ya namna hiyo ni mizuri, lakini haianguki sokoni wala haiinui mtu kutoka mekoni. Mwenye kifafa akikubali kuvaa jina la maradhi yake hadharani, ametuamini. Kazi iliyobaki ni yetu, nayo yaanzia darasani.