Faini ya Kodi ya Nyumba Isigeuzwe Adhabu

Dawa ya deni ni kulipa, na kodi ya nyumba ni deni kama madeni mengine. Mpangaji anayekaa katika nyumba ya mwenzake bila ya kulipa, hali uwezo anao, anakula jasho la mtu mwingine. Hilo halina mjadala. Linalostahili kujadiliwa ni hali ya yule aliyechelewa bila ya kukusudia: atozwe nini, kwa kipimo gani, na nani aamue?

Swali hili lina uzito katika pwani ya Lindi. Kilwa Masoko, makao makuu ya wilaya, na Lindi mjini hupokea walimu, wauguzi na makarani wanaohamishwa kutoka mikoa mingine. Si wote wanaopata nyumba za serikali. Wengine hupanga vyumba mitaani. Kazi kubwa kama ujenzi wa bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2023, nazo huvuta watu. Pale wahitaji wanapokuwa wengi na vyumba vichache, masharti huandikwa na upande mmoja, na upande wa pili hutia sahihi tu.

Taifa hili limewahi kulishughulikia suala la kodi kwa mkono wa sheria. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1984 ikatungwa Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, iliyoweka ukomo wa kodi na chombo cha kusikiliza mashauri. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi ni mapatano baina ya watu wawili. Wako wanaodhani kwamba kufutwa huko kulimpa mwenye nyumba uhuru wa kutoza faini yoyote apendayo. Dhana hiyo ni potofu.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ingali na nguvu. Kifungu chake cha 74 kinasema jambo lililo wazi: mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa na atakayeuvunja, aliyeathirika anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Maana yake ni kwamba kiasi kilichoandikwa ni ukomo. Si lazima kitolewe chote. Kipimo ni fidia, wala si adhabu.

Chukua mfano wa chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi, chenye sharti la faini ya shilingi 5,000 kwa kila siku ya kuchelewa. Siku ya kumi faini imelingana na kodi ya mwezi mzima. Ni hasara gani aliyoipata mwenye nyumba kwa siku kumi inayofikia kiasi hicho? Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika Somanga, wilayani Kilwa. Mchuuzi ambaye bidhaa zake zilikwama ng'ambo ya pili hakuwa mkaidi. Kumtoza kama mkaidi ni kumnyonya aliyekwisha kupatwa na maafa.

Hata hivyo haki haina upande mmoja. Wenye nyumba wa pwani hii si matajiri wote. Wamo wajane na wazee wanaopangisha chumba kimoja au viwili vya nyumba ya urithi, na kodi hiyo ndiyo unga na dawa zao. Mpangaji mwenye mshahara anayemzungusha mama kama huyo miezi mitatu hana ujasiri wa kudai haki. Fidia ya wastani, iliyokubaliwa mapema, ni halali yake mama huyo.

Kisicho halali ni kufuli. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba atoe notisi ya maandishi kabla ya kumwondoa mpangaji kwa sababu ya kodi. Wakishindwa kuelewana, Baraza la Kata lipo kwa ajili ya kusuluhisha, na juu yake lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, utaje tarehe ya kulipa, siku za kuvumiliana, kiasi cha fidia na ukomo wake. Na kila malipo yapewe stakabadhi. Walimu na watumishi wa serikali wana deni la pekee hapa. Wao ndio wanaojua kusoma vifungu, na wengi wao ni wapangaji. Wakianza kuandika mikataba yao kwa haki, mchuuzi na mvuvi wa jirani watakuwa na mfano wa kuufuata.